Nati ya Kushoto

Kati ya Mogogosiek na Kapsoit hakuna kijana anayeijua mashine ya kukata nyasi kunishinda. Nasema hivyo bila kujigamba. Mashine ikikohoa, mimi najua kama ni plagi au ni kabureta kabla haijamaliza kukohoa. Kutoa bledi na kuweka kichwa cha nailoni ni kazi ya dakika mbili, na dakika moja kati ya hizo ni ya kujibu salamu.

Basi Alhamisi hiyo, saa mbili na robo asubuhi, mashine ilikuwa imelazwa juu ya gunia mbele ya jikoni kwa Kogo Rebeccah, maana kwetu nyanya ni kogo, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya spana.

Bledi ilikuwa imekataa kutoka. Nilipeleka nati kushoto, kama mtu yeyote anavyofungua nati, ikakaa. Nikaongeza mguu, ikakaa. Nikaongeza mguu wa pili pamoja na chapati nne nilizokunywa nazo chai, na ule msumari unaozuia gia isizunguke ukapinda kama kijiko. Nati haikusogea hata unywele.

"Imeingia kutu, Kogo," nikasema.

"Wiki jana haikuwa na kutu." Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua managu. Hakuinua macho. "Na wewe shuka hapo juu, Vinny, utavunja mguu na sina pesa ya hospitali. Kwani gambuti zako ziko wapi? Unafanya kazi ya mashine na ndala?"

"Ziliibiwa, Kogo. Kapsoit, siku ya soko."

"Pole," akasema, akaendelea na mboga.

Mashine ilikuwa ya marehemu mume wake, na mimi ndiye nilikuwa naitunza. Siku hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kukata nyasi chini ya fensi kabla ya saa tano.

Fensi yenyewe ni ya miti ya kayaba, yenye miiba mirefu kama vidole, na inatembea. Hilo huku kwetu halina mjadala. Inatembea Jumapili asubuhi ikiwa Jumamosi mvua ilinyesha na udongo umelainika, kati ya wimbo wa kwanza na sadaka. Watu wakitoka kanisani wanakuta mstari mmoja wa chai ya Kogo umebaki upande wa pili, kwa mzee Johana, ndugu ya marehemu mume wake. Wanasema, "Imesonga tena," kisha wanaenda nyumbani kuweka maji ya chai. Kwa miaka sita ilikuwa imesonga mistari kumi na mmoja. Michai hiyo Kogo aliipanda kwa mkono wake mwenyewe akiwa na mimba ya kifungua mimba wake, Kipkurui, ambaye sasa ana kipara. Asubuhi hiyo fensi ilikuwa hatua nne kutoka mlango wa jikoni, na moshi wa Kogo ukitoka dirishani ulikuwa unapotelea kwa Johana.

Mimi binafsi sijawahi kuiona ikitembea. Jumapili niko kanisani, benchi la tatu, muulizeni yeyote.

Saa tano ndiyo saa seveya Okemwa, mpima ardhi, alikuwa anakuja kusimika bikoni za mpaka. Bikoni ikishaingia ardhini na saruji yake, maneno yamekwisha. Mwezi uliotangulia Kogo alikuwa amemweleza kwamba fensi inatembea, na Okemwa, ambaye ni mtu wa heshima na mwenye kalamu tatu mfukoni, hakumcheka.

"Sikatai, mama," alimwambia. "Lakini kitu kinachotembea kina miguu. Nionyeshe miguu, narudisha mpaka nyuma kwa mistari kumi na mmoja. Nisipoona miguu, napima pale imesimama."

Na miguu ya fensi hakuna mtu aliyekuwa ameiona, kwa sababu nyasi za chini yake zilikuwa zimefika kiunoni, zimesukana na miiba, na panga halingeingia humo likatoka na mwenyewe.

Kogo alipoona msumari umepinda, alifuta mikono kwenye leso, akatoa simu ndani ya sweta, akapiga.

"Mama Ogeto? Uko? Kuja. Mashine ni mgonjwa, na daktari wake pia."

Jina lake hasa ni Nyakerario, lakini Mogogosiek nzima inamwita Mama Ogeto. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai, yeye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, akachuma miaka kumi na mitatu, kisha zikaja mashine za kuchuma zikamtoa kazini pamoja na wenzake wote wa laini yake. Wengine walilia. Mama Ogeto aliona ni haki yake kumjua aliyemfukuza. Akatafuta moja iliyotupwa, akaifungua mpaka msumari wa mwisho, akaifunga tena, ikanguruma. Leo ana kibanda nyuma ya soko, na vifaa vyake anavibeba kwenye kikapu kilekile cha kuchumia chai, mgongoni, mkanda ukiwa umepita kwenye paji la uso. Inajulikana kwamba mashine zikisikia kikapu hicho kikiwekwa chini, zile zenye hatia huanza kuvuja zenyewe.

Ya Kogo ilivuja.

Mama Ogeto alichutama. Alitia kidole kwenye ile petroli, akanusa, akaniangalia.

"Umeweka oili?"

"Niliweka."

"Uliweka wapi, kwa nywele? Hii ni petroli tupu. Unataka pistoni ishikane na silinda kama mapacha?" Akaimwaga yote ndani ya debe. Alipima lita moja mpya, akachukua kifuniko cha dawa ya kikohozi, akamimina oili mara nne, si mara tatu na nusu, si mara nne na tone. Akatikisa chupa huku akiwa ameangalia mbali, kama mama anayebembeleza mtoto wa watu. Mchanganyiko ukawa na rangi ya chai ya strungi.

Akatoa plagi. Ilikuwa nyeusi. Aliisugua kwa msasa, akaipiga pumzi, akapima mwanya wake kwa ukucha wa kidole gumba ambao amekuwa akiufuga kwa kazi hiyo tu. Sponji ya hewa aliiosha kwa sabuni ya kipande, akaikamua, akaianika kwenye mgongo wa mbuzi aliyekuwa kwenye jua. Mbuzi alisimama tuli mpaka ikakauka. Mbuzi huyo hajawahi kunisikiza mimi hata siku moja.

Kisha akaifikia nati.

"Nani ameikanyaga?"

Nikasema ni kutu.

"Hii ni nati ya kushoto, Vinny. Inazunguka kinyume na zingine ili bledi isijifungue yenyewe ikikata. Ukipeleka kushoto unafunga. Ukipeleka kulia inafunguka." Alitia msumari mwingine kwenye tundu, akashika spana kwa vidole viwili, akapeleka kulia. Nati ilifunguka kama kifuniko cha chupa ya jem. "Miezi minne umekaa kibandani kwangu. Si hii ndiyo nilikuonyesha siku ya kwanza?"

"Nilisahau, Mama Ogeto."

Aliniangalia kwa muda unaotosha plagi kupoa. Akachukua kichwa cha nailoni, akakifungua, na ndani yake akakuta waya wa fensi.

"Na hii?"

"Nailoni iliisha."

"Nilikuachia roli nzima mwezi wa tatu. Ile ya rangi ya machungwa."

"Panya walikula."

"Roli nzima."

"Panya wa huku, wewe unawajua."

Kogo alicheka kidogo ndani ya managu. Mama Ogeto aliutoa ule waya, akaniambia waya ukikatika unaruka na kuingia mtu kwenye shingo, na kwamba kama ningeuwasha, leo Kogo angekuwa anachinja kuku wa matanga. Kisha akatoa nailoni yake mwenyewe, ya kijani, ambayo huwa anailaza ndani ya kibuyu cha maji ya mvua usiku kucha ili isikauke ikakatika. Akaikunja katikati, akaisokota kufuata mshale, pande mbili sawasawa, hakuna uzi uliopanda juu ya mwenzake. Nimeona watu wakisuka nywele za bibi harusi kwa uangalifu mdogo kuliko huo. Alikaza kichwa kwa kupeleka kushoto, akavaa mkanda, akafunga choki, akavuta kamba mara mbili, akafungua choki, akavuta mara ya tatu.

Mashine iliwaka. Alikuwa na bisibisi ndogo mkononi, akawa anaigusa kabureta robo ya robo, na kila alipoigusa mlio ulishuka, ukawa laini, ukawa duara, mpaka kuku wote wa Kogo wakasinzia walipokuwa wamesimama na mmoja akataga. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Alianzia pembeni, karibu na tangi la maji. Hakupiga nyasi kama sisi vijana tunavyopiga. Alizifagia, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa ncha tu ya nailoni, na nyasi zililala upande mmoja zikiwa zimepangana, kama zilikuwa zimengoja miaka hiyo sita kuambiwa kwa adabu. Kwenye mche wa kwanza alipunguza moto, akasogeza kichwa polepole, nailoni ikagusa kitu kisicho nyasi.

Mche uliinua mguu, kama ng'ombe aliyeguswa na inzi, ukaurudisha chini.

Mguu huo ulikuwa umevaa gambuti.

"Ni nyeusi," Mama Ogeto akasema.

"Namba ngapi?" Kogo akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Tisa."

Wakaendelea. Vichipukizi vya kayaba vilivyokuwa vinene kama kidole vilikuwa vimefunika gambuti zingine, kwa hivyo Mama Ogeto alizima mashine, akaitoa nailoni, akafunga bledi, vyote kwa muda ambao mimi huchukua kutafuta spana. Kwa hiyo bledi alivikata vichipukizi karibu na gambuti lakini hakuchana hata gambuti moja. Ilipofika saa tano kasoro kidogo, fensi nzima ilikuwa wazi hadi magotini: miche sitini na tatu, gambuti sitini na tatu. Gambuti chakavu huku kwetu si kitu cha kutafuta, kila anayechuma chai anatupa jozi karibu kila mwaka. Zilikuwa za kushoto na za kulia kwa zamu, nyeusi na kijani, zingine na kiraka, zote na tope jipya kwenye soli. Na zote, vidole vyake vilielekea jikoni kwa Kogo.

Kogo alisimama. Alizitembelea zote, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua sare.

"Sasa seveya ataona miguu," akasema.

Okemwa alifika saa tano kamili akiwa na kamba ya kupimia, bikoni nne na mfuko wa saruji. Mzee Johana alikuja nyuma yake, kofia mkononi. Wote walisalimia. Okemwa alipita kwenye fensi akihesabu gambuti kwa kalamu ya kwanza, akaandika kwa kalamu ya pili.

"Sitini na tatu," akasema. "Nakubali."

"Basi nirudishie chai yangu," Kogo akasema.

"Mzee, hizi ni nini?" Okemwa akamuuliza Johana.

"Ni ya kuzuia mchwa," Johana akasema. "Mchwa inapanda mti. Nimevalisha mali yangu. Kuna makosa?"

Okemwa alifikiri. Alifungua karatasi zake, akazisoma mbele na nyuma.

"Mama, mimi niliomba miguu," akasema hatimaye, kwa sauti ya kuomba radhi. "Hivi ninavyoona ni viatu. Miguu inaweza kuwa ndani, sikatai. Lakini siwezi kuvua kiatu cha mali ya mtu bila ruhusa yake."

Wote walimgeukia Johana.

"Itashikwa na baridi," Johana akasema.

"Johana," Kogo akasema. "Mimi nilikupikia hapa mpaka ukaoa."

"Najua, mke wa ndugu yangu. Na chakula kilikuwa kitamu."

Hapo Mama Ogeto alizima mashine, ambayo bado ilikuwa inanguruma taratibu, ingawa haikuwa inamsumbua mtu kusikia. "Bwana Okemwa," akasema, "wewe ni mtu wa kwetu Kisii, nitakuuliza kwa heshima. Hiyo karatasi yako iko na mahali pa kuandika fensi imetoka wapi?"

"Iko na mahali pa kuandika imesimama wapi," Okemwa akajibu. Hakuwa na furaha. Aliandika kwa kalamu ya tatu, na baadaye nilisoma alichoandika: *Fensi: hai. Viatu: vipo. Imesimama.* Kisha akachimba mashimo manne, akasimika bikoni, akamwaga saruji, akailainisha kwa mwiko vizuri kabisa. Johana alimkaribisha chakula cha mchana. Waliondoka pamoja, wakizungumza habari ya bei ya maziwa.

Kogo alipiga magoti mbele ya mche wa kwanza, akashika gambuti kisigino na ncha, akavuta.

Ndani kulikuwa na mizizi mitano, mifupi, yenye kucha, myeupe kwa kukosa jua. Iligusa nyasi zilizokatwa, ikajikunja.

Alimpigia Okemwa simu. Okemwa alisikiliza yote. Alisema anaamini kila neno, akamshukuru kwa kumjulisha, akasema saruji imeshashika.

"Basi," Kogo akasema, akarudisha simu ndani ya sweta. "Hii mistari kumi na mmoja imeenda. Lakini jikoni yangu haitaenda." Akauendea mche wa pili.

Walizivua zote, yeye na Mama Ogeto, na mimi nikibeba. Fensi haikupinga. Miche mingine ilijiegemeza kidogo kwa wenzake ili kuinua mguu. Ilipobaki miguu mitupu, ilichimba vidole kwenye udongo na kutulia, na tangu siku hiyo haijasonga tena, iwe Jumapili au siku nyingine. Iko palepale, hatua nne kutoka mlangoni, mistari kumi na mmoja ikiwa upande wa pili. Johana anachuma chai hiyo kila baada ya wiki mbili. Akipita anamsalimia Kogo, na Kogo anaitikia.

Mama Ogeto hakuondoka bila kumaliza. Alifungua kiungo cha katikati cha mashine, akabonyeza kitufe, akavuta bomba lenye bledi na kulilaza kando, akasukuma jingine lenye meno marefu ya kunyoa fensi mpaka likasema *tak*. Akatia grisi mahali panapotakiwa grisi. Akainyoa fensi upande wa Kogo, juu na ubavuni, ikawa imenyooka hivi kwamba ukiweka kikombe cha chai juu yake hakimwagiki. Nilijaribu, na ni kweli. Kogo alimuuliza kwa nini anairembesha fensi ya Johana. "Utakuwa unaiangalia kila siku ukipika," Mama Ogeto akasema. "Si vizuri uangalie kitu kibaya mara mbili."

Mawingu ya saa nane yalikuwa yamekusanyika upande wa kiwanda cha chai. Akaanza kupanga vifaa kwenye kikapu. Kogo aliingia jikoni kumimina chai, na mimi nikawa nazipanga gambuti ukutani, kazi niliyojipa mwenyewe ili nisikae bure. Mama Ogeto aliokota moja, akaigeuza.

Tope lilikuwa limeanza kubanduka, na chini yake kila gambuti ilikuwa imefungwa juu kwa uzi ili isichomoke. Uzi wa nailoni, wa rangi ya machungwa.

Alitazama fundo. Akaokota nyingine, akatazama fundo. Akaziweka chini zote mbili. Mimi nilikuwa nimeanza kusimulia habari ya panya mmoja mkubwa sana niliyemwona mwezi wa tatu, lakini yeye alionekana kuwa na haraka ya mvua.

"Vinny, kijana wangu, nisaidie," akasema huku akifunga mkanda wa kikapu. "Nitolee bledi kwa lile bomba, niende."

Nilikuwa bado namweleza ukubwa wa panya. Nilichutama, nikatia msumari kwenye tundu, nikashika spana kwa vidole viwili bila kuangalia na kupeleka kulia, kama mkono ulivyozoea kibandani. Nati ilifunguka kama kifuniko cha chupa ya jem. Nikampa bledi mkononi, na nilikuwa nimefikia mkia wa panya nilipoona kwamba hakuna mtu anayesikiliza.

Kogo alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili.

"Kumbe uliijua tangu asubuhi," akasema.

"Ni bahati tu, Kogo. Mkono umeenda wenyewe."

Aliweka vikombe chini. Alipita kwenye gambuti zilizopangwa ukutani, moja moja, bila haraka, mpaka mbili za mwisho, jozi pekee iliyokuwa imekamilika. Akaziokota, akasoma jina langu ndani, pale tulipokuwa tunaandika majina shuleni kwa rangi nyeupe. Akakung'uta udongo nje, akazileta, akaziweka mbele ya miguu yangu zikiwa zimeangalia njia ya kwetu.

"Jumapili ile ya tarehe sita sikuenda kanisa," akasema. "Nilikuwa na homa, nikalala hapa jikoni, na hii dirisha ilikuwa wazi, nikakuona umepiga magoti hapo kwa fensi. Vaa, mjukuu wangu. Mvua inakuja, na ndala si kitu ya kutembea nayo."